Maji ya Mwisho Si ya Mtu Mmoja

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo natazama kwanza mikono yangu. Usiogope, hakuna aliyekufa. Baba mkwe wangu alipona, akatembea kwa miguu yake miwili miaka mingi baadaye, ndiyo maana naweza kucheka ninaposimulia. Siku yenyewe sikucheka hata kidogo.

Nilikuwa kijana wa mjini, hapahapa Kamina, mtoto wa karani wa stesheni. Kwetu tulikuwa Wamethodisti wa shule na shati jeupe: kuoga asubuhi, kuoga jioni, na mama alitukagua hadi nyuma ya masikio. Nikamwoa Ngoie, binti wa wakulima Wakatoliki, watu wa jembe na shoka tangu kwa babu zao. Miezi mitatu baada ya harusi baba yake akaniita twende tukafyeke shamba jipya porini, njia ya Kabongo, mahali ambapo hata jogoo hasikiki. Ndiyo desturi, mkwe hupimwa kwa kazi. Mimi nikafunga mzigo wangu: mashati mawili, Biblia, na vipande vitatu vya sabuni ya kunukia. Mzee alipoviona vile vipande akaniuliza kama nimekuja kufyeka au kuolewa.

Kilikuwa kiangazi kikali. Kijito cha karibu kilibaki mchanga na nyayo za swala. Chemchemi yenye maji ilikuwa mbali, saa mbili kwa baiskeli kwenda, na kurudi ni zaidi kwa sababu ya mzigo. Bidoni moja, dumu la lita ishirini, tulikaa nayo siku tatu, watu wawili, kunywa humo, kupika bukari, yaani ugali, humo, na usafi wote humohumo.

Mzee alikuwa na mpango wake, nami niliudharau. Asubuhi alichota kikombe kimoja: kinywa kwanza, kisha uso. Jioni kikombe kimoja tena na kitambaa. Alianza usoni, akashuka shingoni, makwapani, huko chini, akamalizia miguuni, na kitambaa kikishashuka hakikupanda tena. Kisha alikiosha kwa tone la sabuni na kukianika juani siku nzima. Sufuria alizisugua kwa majivu na mchanga, maji yakawa ya kusuuzia tu. Na kwenye tawi mbele ya kibanda alikuwa ametundika kopo alilolitoboa kwa msumari, tundu limezibwa na kijiti. Kabla ya kula alichomoa kijiti, maji yakatoka membamba kama uzi, akanawa mikono, akaziba. Naapa, mzee yule hakunuka. Mimi niliyenung'unika kutwa ndiye niliyenuka, maana nilikuwa nalimaliza kopo langu usoni, kwapa zikabaki zinasubiri zamu.

"Weye unasugua ngozi sawa vile unatafuta ingine chini yake," alinitania. Lakini jambo moja hakulifanyia utani. Bidoni ikifika chini, alikuwa akiigonga kwa kidole na kusema: "Mayi ya mwisho haiko ya muntu moja. Mbele ingine ifike, hii hapana kugusa." Yaani kabla mengine hayajafika, hayo yasiguswe.

Nilisikia. Kusikia nilisikia.

Ikafika Jumamosi, siku ambayo mama mkwe na Ngoie walikuwa waje kutuletea unga wa muhogo na samaki wakavu wa Kinkondja. Nawe unajua kwetu Baluba mkwe na mama mkwe walivyokuwa. Hamli pamoja, hamtazamani usoni, neno lake kwako linapita kwa binti yake. Tangu harusi mama yule hakuwahi kunisemesha. Sasa nifike mbele yake nanuka moshi na jasho? Haya ikanishika. Mzee alipokwenda na shoka lake, nikachukua bidoni, imebaki kama robo, nikaenda nyuma ya kichuguu kikubwa. Nikajimwagia kopo la kwanza, nikajipaka sabuni. La pili, la tatu. Sitakudanganya, mwanangu, nilijisikia mtu. Mwisho nikainua bidoni yenyewe nikajimiminia kichwani yote iliyobaki.

Niliwaza, nitapanda baiskeli sasa hivi, kabla ya wao kufika nitakuwa nimerudi na maji mapya, nani atajua? Kumbe mnyororo wa baiskeli umetoka. Nikachuchumaa kuurudisha, mikono ikajaa mafuta meusi na vumbi. Hapo ndipo nikasikia mzee ameita jina langu mara moja tu.

Shoka lilikuwa limeteleza kwenye mzizi mkavu likamwingia juu ya kifundo cha mguu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mkuu, na guu lililokatwa likawa la mkuu mwenyewe. Kidonda kilikuwa wazi, damu inatoka, ndani kumejaa udongo na maganda ya mti. Nikapiga magoti, nikanyoosha viganja vyangu vyeusi nikizibe.

"Hapana na ile mikono."

Nikageuka. Alikuwa mama mkwe, kapu bado liko kichwani, Ngoie nyuma yake. Neno lake la kwanza kwangu maishani lilikuwa lile.

Alitua kapu, akatoa kitenge kisafi, akakikunja, akampa Ngoie akandamize jeraha. Kisha akauliza, "Mayi iko wapi?" Ngoie akaniambia niilete bidoni. Nikaileta. Mama akaitikisa, haikulia. Kule porini tuliwajua watu waliopoteza mguu kwa jeraha dogo kuliko lile, kwa uchafu tu uliobaki ndani. Niliona mguu wa mzee unaoza kwa sababu nilitaka kunukia vizuri.

Mzee akajitwika kosa langu, akasema, meno yamebana, "Minyi njo niliimwanga. Niliigonga na muguu asubui."

Mama alimtazama mumewe, kisha akatazama nywele zangu, bado zina maji.

Kapuni kulikuwa na chupa ya maji ya safari, imebaki nusu. Ndiyo yote tuliyokuwa nayo, watu wanne. Mama akawasha moto, akamimina karibu yote kwenye sufuria ndogo pamoja na chumvi, yakachemka. Yalipokuwa yanapoa, akanijia na chupa ile na kisabuni changu.

"Macho yangu haione tena karibu," akasema. "Weye njo utaondosha maganda. Lete mikono."

Nikampa. Mimi nilitazama chini, yeye hakujali. Kifuniko kimoja cha chupa cha kulowesha. Sabuni, na kusugua: katikati ya vidole, chini ya kucha, juu hadi kwenye viwiko, muda mrefu, mpaka nikadhani amesahau. Vifuniko vinne vya kusuuza, polepole, kutoka viwikoni kwenda chini. Mikono ikawa myeupe kuliko nilivyowahi kuiona kwa ndoo nzima. Hapo nikaelewa ujinga wangu. Mwili wote ulikuwa unanukia, na kitu kimoja kilichohitajika kuwa safi ndicho kilikuwa kichafu.

Maji ya chumvi yalipopoa aliyamimina juu ya kidonda kama uzi, nami nikatoa ganda moja moja. Mzee alikunja uso, akaomba tu tumpigie hadithi. Tukafunga na kipande kingine cha kitenge, tukampandisha kwenye baiskeli, tukaisukuma hadi kijiji chenye zahanati. Muuguzi akafungua, akachungulia, akauliza, "Nani alisafisha hii kidonda? Kwangu inabakia tu kushona." Akashona, akampiga sindano, akasema mguu utapona. Nilitoka nje nikakaa chini nikalia kama mtoto. Ah, ahueni ile, naisikia hadi sasa hapa kifuani.

Lakini lilibaki jambo. Siku kumi baadaye, uani kwao hapa Kamina, bandeji ikafunguliwa. Kidonda kikavu, hakina usaha, hakina harufu. Wote wakapiga makofi. Mimi pekee furaha haikuniingia, kwa sababu uongo uliokuwa umenifunika haukuwa wangu, ulikuwa wa mzee. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Nikapiga magoti mbele yao.

"Tata, Mama, ile mayi minyi njo niliogea."

Kisha mama akamgeukia binti yake, desturi imerudi mahali pake: "Ngoie, ambia bwana yako, nilisikia harufu ya saboni yake mbele nione kibanda. Nilikuwa nangojea aseme yeye mwenyewe."

Mzee akacheka mpaka akashika mguu. Nami nikacheka, na machozi yakitoka. Tangu siku hiyo mama yule alinipa moyo wake. Akipika samaki, kichwa kilikuwa changu.

Basi, mwanangu, unayekwenda kulala porini, iwe kwenye kuchoma makaa, kwenye shamba la mbali au kambi ya vijana wa parokia, nisikilize. Maji yakiwa machache usafi haufi, ila unapangwa. Kwanza ya kunywa. Kisha mikono, kabla ya kula na baada ya kwenda choo, na choo chenyewe kichimbe mbali na unapolala, ukifukie kwa majivu. Kikombe na kitambaa vinatosha mwili wote ukianza juu na kuishia miguuni. Jua ni sabuni ya bure, anika nguo na blanketi. Na daima weka chupa moja isiyoguswa kwa ajili ya jeraha usilolijua bado, maana ajali haibishi hodi. Ukikosea, na wewe utakosea, usimwache mwingine abebe kosa lako. Sema mapema, hata kama umechelewa siku kumi.

Mungu akubariki huko uendako. Akupe maji ya kutosha. Na siku yatakapopungua, akupe mtu atakayekumiminia mikononi, ingawa anajua ni wewe uliyeyamaliza.