Sinia la Bi Mwanajuma

Harufu ya makumbi ya nazi yaliyooza haina mfano, na ambaye hajawahi kuinusa na amshukuru Mungu. Kijijini kwetu, kusini ya Msambweni, wanawake waliyafukia makumbi katika tope la pwani, penye mikoko, wakayaacha miezi mingi mpaka yakalainika, kisha wakayafukua na kuyaponda kwa virungu hadi yakatoa usumba wa kusokotea kamba. Harufu ile hukaa mikononi, haitoki kwa sabuni wala kwa ndimu. Mamangu, ambaye sisi Wadigo twamwita mayo, alikuwa akijisugua kwa majivu mpaka viganja vikawa vyekundu, na bado akinishika shavu nilijua ametoka wapi. Hata leo nikipita mahali harufu ile ikavuma, wenzangu huziba pua, nami hugeuka kumtafuta mamangu.

Nazungumzia miaka ile ambayo bendera mpya ilikuwa bado haijapauka kwa jua. Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mayo alikuwa akitulisha kwa kamba zake, mimi na ndugu zangu wawili wadogo. Mvua za masika zilikuwa zimetupa kisogo, basi asubuhi ni muhogo, jioni ni muhogo, na tui lilipokosekana tulikula muhogo kwa chumvi na kusifu chumvi. Lakini njaa haikuniuma kama shule. Niliitaka shule mpaka nikaiota. Karo haikuwapo, wala sare, na mayo kila nilipomtajia alisema, "Inshallah," kwa sauti ya mtu anayefunga mlango taratibu ili asimwamshe mtoto.

Ndipo naibu wa chifu akaitisha baraza. Alieleza kwamba serikali yetu wenyewe imetangaza vita na maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, na kwamba atakuja bwana mmoja wa maendeleo kupita nyumba kwa nyumba aone kwa macho yake ni nani hana. Watoto wa wasiokuwa nacho wataandikwa daftarini, watasoma bila karo, na sare watapewa. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha. Nilijiona nimeshaandikwa, kwani hakuna aliyekuwa hana kutushinda sisi.

Lakini nilisahau watu wangu walivyo. Tulipotoka barazani, wanawake walikuwa wameshausahau umaskini, wameshika neno moja tu, mgeni. Mgeni anakuja! Ataketi wapi? Atanywea nini? Kwetu mgeni haoneshwi chungu kitupu, hata akiwa amekuja kukitazama chungu chenyewe. Mtu na stara yake. Bi Mwanajuma, jirani yetu, mwanamke mnene mwenye amri kuliko chifu, alikuwa na sinia la shaba, birika, na vikombe vinne vya kauri vyenye maua ya waridi, kimoja kina pengo mdomoni. Akatoa hukumu: sinia litatangulia. Mgeni akiwa anatoka kwa mlango wa mbele wa nyumba hii, sinia litoke uwani liingie nyumba ya pili. Sukari ikachangwa kijiko kwa kijiko. Mbebaji nikateuliwa mimi, kwa sababu sikuwa na papara. Nami, mpumbavu, nilifurahi.

Siku ilipofika, kijiji kilinukia udi mpaka nzi wakahama. Mayo alikifukiza chumba, akajifukiza na yeye mwenyewe, akayafunika makumbi yake ya uwani kwa makuti makuukuu. Mkeka mzuri aliuazima huku, mto wenye foronya ya kutariziwa akauazima kule. Na mgeni akaja, kijana mrefu wa bara, daftari kwapani. Alianza kwa Bi Mwanajuma. Mimi nikawa nachomoka na sinia, nakatiza kwenye mihogo, nasuuza vikombe, napanga upya, na kila nyumba nasikia maneno yale yale kutoka ndani: twamshukuru Mungu, hatujambo, karibu chai. Nyumba yetu ilikuwa ya nne. Kufika kwetu, yule maskini alikuwa amejaa chai mpaka shingoni.

Hakujua kuvua viatu mpaka alipoashiriwa, wala hakuamkia shikamoo. Alisema, "Habari ya hapa, mama," kwa mtu aliyeweza kumzaa, lakini mayo alimsamehe papo hapo, kwa kuwa alipovua viatu soksi yake ilikuwa imetoboka kwenye kidole gumba. Akakaribishwa kitako, akamiminiwa chai. Akatazama mkeka, akatazama mto, akauliza kama tuna shida yoyote. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia la uwani, nikingoja mayo aseme.

Mayo akajitanda kanga yake vizuri, akatabasamu. "Alhamdulillahi, mwanangu," akasema. "Hatuna neno."

Kijana akatikisa kichwa kukubali, akafungua daftari, akachora mstari. Nilikuwa sijui kusoma, lakini mstari ule niliujua. Alikuwa amechora vivyo hivyo nyumba zote tatu. Kijiji kizima hakina maskini! Niliiona shule inakwenda zake, imebebwa kwapani na mtu aliyekuwa akitafuta viatu vyake. Wanawake wakiponda makumbi hupenda kutaniana kwamba mficha uchi hazai, na siku zote nilicheka nao bila kuelewa. Siku ile nilielewa. Nikatoka nyuma ya pazia.

"Bwana, kikombe hicho si chetu," nikasema. "Ni cha Bi Mwanajuma. Mkeka nao si wetu."

Yule kijana alikizungusha kikombe mkononi, akaligusa pengo kwa kidole. Kisha akasema polepole kwamba mdomo wake umekuwa ukikutana na pengo hilo tangu nyumba ya kwanza, akadhani labda huku pwani vikombe vyote huuzwa vikiwa hivyo. Hakucheka. Mimi nilikuwa nimemkazia macho mayo, nikingoja kofi. Hakunipiga, na afadhali angenipiga. Aliinamisha uso, machozi yakamlengalenga. Kisha akanyoosha mikono yake miwili mbele ya yule mgeni, mikono ambayo mchana kutwa alikuwa ameificha ndani ya kanga.

"Nusa, mwanangu," akamwambia. "Hata udi nimeazima. Harufu hii ndiyo yangu."

Naye akainama akanusa. Hakukunja uso. Alisema tu kwamba mikono ya mamake hunuka moshi, kwa kuwa huchoma makaa ya kuuza, kisha akaomba apelekwe uwani. Huko akaona makumbi, akakiona chungu cha muhogo, akawaona ndugu zangu walioambiwa wasijitokeze kwa sababu hawakuwa na nguo. Akafuta mstari wake, akaniuliza jina. Akarudi nyumba zile tatu za mwanzo, safari hii akipitia uwani, na nyumba zilizobaki akaziingilia huko huko.

Lo, kijiji kilinichukia! Bi Mwanajuma alisema nimewaanika watu kama samaki, na kwa miezi kadhaa alikuwa akimpita mayo njiani bila salamu. Mayo aliistahimili adhabu ile peke yake. Wajukuu wa Bi Mwanajuma nao walikuwa wameandikwa, lakini hilo halikutajwa. Sare zilipofika, asubuhi moja tukasikia hodi mlango wa mbele. Ni Bi Mwanajuma na sinia lake, chai inatoa mvuke. Akaketi bila kungoja kukaribishwa, akamimina vikombe viwili, na kile chenye pengo akakichukua yeye. Wakanywa wakizungumzia bei ya kamba.

Kesho yake mayo alinivalisha sare. Alifunga vifungo kimoja kimoja, kwa mikono ile ile, nami nikaisikia harufu yake ikiingia katika kitambaa kipya. "Uliniaibisha," akasema, "na sijakusamehe. Haya, nenda kasome." Nikaenda. Nimesoma, nikawa mwalimu, nikafundisha mpaka nikastaafu, nikamjengea mayo nyumba ya mabati na nikamzika kutoka nyumba hiyo hiyo. Msamaha hakuwahi kuutamka. Nilikuwa nikiungoja hata alipokuwa amelala kitandani hana nguvu ya kushika kijiko.

Siku hizi mambo yamepinduka. Nimo katika kamati ya kuwaorodhesha wazee wa kusaidiwa, na nawaona watu wanavyoficha godoro zuri kwa jirani wanaposikia twaja. Sisi tuliazima vikombe, wao huazima matambara. Wageni wa misaada huja na kamera, humtaka mtu alie kwanza ndipo apewe gunia. Wenzangu hulaumu. Mimi siwalaumu sana, maana anayelazimishwa kuuthibitisha umaskini wake hujifunza kuupamba. Lakini huniuma kwamba stara ile ya mama zetu, iliyokaribia kuninyima shule, hatukupata njia ya kuibakisha.

Mwezi uliopita niliingia nyumba moja kule Galu, nyuma ya mahoteli, kwa bibi anayeishi na mjukuu mmoja. Alinitandikia mkeka mpya, akaniletea chai katika kikombe kizuri kilichokuwa bado kimelowa maji ya kusuuzwa. Nilimwamkia, akaniitikia. Kijana wa kamati, mwenye orodha, akamwuliza kama ana shida. Bibi akajitanda kanga, akasema, "Hatuna neno, wanangu." Kijana akaanza kutikisa kichwa kukubali.

Nilimgusa mkono asiandike. Nikanywa chai yangu yote, nikamsifu mpishi, nikaomba ruhusa nikakioshe kikombe mwenyewe uwani. Niliyoyaona uwani yanatosha. Niliporudi sikusema kitu. Tulipokuwa tumeshaaga na kufika njiani, ndipo nilipoichukua orodha nikaliandika jina la yule bibi la kwanza kabisa, na yeye hakuvuliwa nguo mbele ya mtu. Naamini hapo ndipo mayo aliponisamehe.