Mama Kitunga na Ukanda Wake

Wiki iliyopita mdogo wangu, kitinda mimba wetu, aliniletea kitabu cha watoto alichokichora mwenyewe. Nilikifungua kwa mikono yenye unga, Mama Kitunga wa wimbo wetu akanitokea. Nikakaa chini.

Wewe uliyekulia Kadutu, mtaa wetu wa mlimani, unamjua. Tulimwimbia tukichambua maharage: "Mama Kitunga, umebeba nini?" Naye hujibu: "Mihogo, kuni, na wewe juu yake."

Baba na mama walipofariki, nyanya alitulea kwa mgongo wake. Alipandisha magunia ya mihogo toka sokoni, ukanda wa kubebea ukikaza paji la uso, ameinama akinusa vumbi la njia. Lakini katika kitabu cha mwalimu wetu wa shule, Mama Kitunga alichorwa wima, kikapu kidogo kichwani, meno yote nje. Nyanya alicheka mpaka akashika ukuta.

"Huyu anaenda ku arusi! Akipanda Kadutu vile, mihogo itabingirika ifike ku ziwa kule chini mbele yake."

Magoti ya nyanya yaliposhindwa, niliacha shule nikavaa ukanda ule. Wadogo zangu watatu wakasoma. Huyu wa mwisho alichora ukutani kwa makaa. Nilimgombeza, kisha nikamwachia ukuta mmoja.

Mwaka huu akapata kazi ya kuchora kitabu chake cha kwanza, cha Mama Kitunga. Mchapishaji alitaka kikapu kikae kichwani, eti mgongo ulioinama utahuzunisha watoto. Akikataa, kazi atapewa mwingine. Akaja kwangu, dada yake mkubwa.

"Yaya, vaa ukanda, simama pale ku kona."

"Na hii kitambaa ya kichwa, ya jikoni?"

"Ibaki."

Nikasimama na gunia, shingo ikiuma, vijana wa pikipiki wakinitania: "Maman, unachorwa bila kucheka?" Mdogo wangu alipeleka picha hiyo kwa mchapishaji, akasema hana nyingine.

Wakaichapa. Mgongo umeinama, vidole vya miguu vimeshika udongo. Hata alama ya ukanda kwenye paji la uso ameichora. Nyanya alikuwa nayo, mimi ninayo.

Nyanya hayupo tena. Magunia sasa yanapanda kwa pikipiki, na watoto wa mtaa wetu hawaujui ule wimbo. Jana binti wa jirani aliweka kidole kwenye picha, akanitazama usoni.

"Maman, huyu ni wewe?"

Miaka yote nilishusha kitambaa kuificha alama ile. Nikakipandisha.

"Ni mimi. Sasa niulize nimebeba nini."