Nirirara Kazini

Siku ya kwanza kuingia ofisi ya uwakili pale Biharamulo, Wakili Mkuu hakunipa kiti. Alinipa kalenda. "Hesabu siku thelathini," alisema, nami nikahesabu nimesimama, mwanamke wa miaka thelathini na tisa niliyeacha ualimu nikasomee sheria, kijiji chetu cha Mbuba, kule Ngara, kizima kikinicheka. Siku hizo thelathini ndizo anazopewa mfanyakazi aliyeachishwa kazi apeleke lalamiko lake. Akichelewa bila sababu nzito, imekula kwake. Nyie vijana mnakumbushwa na simu. Sisi tulizizungushia kalamu nyekundu.

Tulishika kesi za kazi tu, leo mwajiri, kesho mfanyakazi. Kila mgogoro ulianzia kwenye usuluhishi, pande mbili mezani. Zikishindwana, mwamuzi anasikiliza ushahidi na kutoa tuzo, yaani uamuzi wake. Mwajiri alipaswa kuthibitisha mambo mawili, kwamba alikuwa na sababu halali na kwamba alifuata utaratibu. Wakili Mkuu alikuwa mtu wa kuja, Kiswahili chake kimenyooka, hajui neno la Kihangaza, lugha yetu ya Ngara. Ndiye aliyenifundisha maswali ya dodoso, yale ya kumtikisa shahidi wa upande wa pili. "Uliza kwa ufupi," aliniambia. "Akikupa unachotaka, kaa chini." Nilimpenda yule mzee, sitadanganya.

Mwaka wangu wa pili tulimtetea mnunuzi mmoja wa kahawa. Magunia mawili yalitoweka ghalani usiku, akamwachisha kazi mlinzi wake, mzee Laurenti wa Murusagamba, kwa madai ya kulala lindoni. Aliyemwona amelala hakuna. Laurenti alikuja bila wakili, amevaa koti lake la kanisani. Mlangoni nilimwamkia kwa Kihangaza, akafurahi mno. Ndani alimweleza mwamuzi kwamba hataki fidia, anataka arudishwe lindoni, kwa sababu kijijini wameanza kusema alikula njama na wezi na wanawe wanaona aibu.

Wakili Mkuu akasimama.

"Usiku ule, ulilala kazini?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Nirirara kazini. Kira siku ninarara kazini."

Mwamuzi akaandika. Wakili Mkuu akakaa chini.

Sasa nisikilizeni, hasa nyie msiotoka huku. Kwetu Wahangaza kurara si kufumba macho. Ni kuwa mahali usiku kucha mpaka kupambazuke. Mtu anaweza kurara msibani na asisinzie hata kidogo. Laurenti alikuwa anaapa kwamba hakubanduka pale ghalani. Swali alilisikia kwa Kihangaza, mwamuzi jibu akalisikia kwa Kiswahili, na mle chumbani aliyezisikia lugha zote mbili ni mimi peke yangu.

Nilimwandikia Wakili Mkuu kikaratasi. Alikisoma, akakikunja, akaniinamia.

"Wakili hamtafsirii mpinzani wake," alisema kwa upole.

Nilijua maana yake: mteja wetu ni yule mwenye ghala. Nilijua pia kwamba wakili hapaswi kumwacha mwamuzi aandike jambo ambalo yeye anajua si kweli. Nikanyamaza. Laurenti alinitazama mara moja, akatabasamu. Alidhani ana mtu wake humo ndani.

Tuzo ilipotoka ilisema mlalamikaji amekiri kwa kinywa chake. Zilibaki wiki sita za kuomba Mahakama Kuu ifanye mapitio. Laurenti hakujua kama kuna kitu hicho, na wa kumwambia nilikuwa mimi. Mimi niliyefundishwa kuhesabu siku, nilizihesabu zote zikipita. Niliogopa kupoteza kiti changu, basi. Siwapambii.

Baadaye nilirudi Ngara nikafungua ofisi yangu. Kila shahidi wa huku nilimwombea mkalimani, hata anayejigamba kwamba Kiswahili anakijua. Wenzangu wakanibatiza Mama Mkalimani, na waamuzi wakawa wanaguna wakiniona naingia. Nilishinda kesi nyingi kwa ukaidi ule, na kila niliposhinda nilimkumbuka mzee mwenye koti.

Nilipostaafu nilipanda pikipiki kwenda Murusagamba. Laurenti alikuwa ameshafariki. Nilimkuta mjane wake uani anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nilimwambia mimi ni nani. Akanisimulia kwamba tangu siku ile mumewe hakupata tena lindo popote, na kwenye misa aliacha kukaa mbele. Kwenye ugonjwa wake wa mwisho alikuwa bado anauliza jambo lile lile.

"Alikuwa anasema, waliniuliza kama nirirara kazini. Walitaka niseme nirirara nyumbani?"

Nikamweleza lile neno, jinsi lilivyosikika kwa watu wawili. Nilichukua muda mrefu, nikizungukazunguka kama shahidi mwoga. Mikono yake ikasimama kwenye ungo.

"Na wewe siku ile ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Ukiwa Mhangaza?"

"Nikiwa Mhangaza."

Hakunifukuza. Alirudi kwenye maharage yake, akawa anatoa mabovu moja moja, nami nikakaa pale nisijue kama niage.