Shikamoo Mlangoni

Nimehama sana, na popote ninapofika nauliza maswali. Msimu ule nilikuwa Misigiri, nikipura alizeti kwa mzee mmoja. Nyumba ya jirani ilikuwa na chumba cha nje chenye kufuli, na ndani mtu alikuwa akikohoa. Mke wa mwenye nyumba aliniambia ni mbuzi. Mbuzi gani anakohoa halafu anaomba maji?

Nilipomuuliza mzee wangu, akanijibu kwa sauti ya chini: ni mama wa mwenye nyumba. Amekataa kugawa shamba lake, basi mwanawe amemfungia na kutangaza kwamba amerukwa na akili.

Nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji, naye akampigia simu afisa ustawi wa jamii. Afisa alikuwa dada mmoja mwembamba, viatu vimejaa vumbi; akaongozana na mtendaji hadi kwa jirani.

Mwenye nyumba akasimama mbele ya mlango. "Kibali cha kuvunja mlango wangu kiko wapi?"

"Sina," dada akasema. "Hicho nitakifuata polisi, na kitachukua muda. Leo nimekuja kumwamkia mama tu."

"Amelala."

Mzee wangu akaja na fimbo yake ya kupuria. "We kijana, mgeni anataka kutoa shikamoo, unamwonyesha kufuli? Umezaliwa na nani, na jiwe?"

Watu waliokwisha kusanyika wakacheka. Kwetu unaweza kumnyima mgeni chakula ukasamehewa, lakini si salamu ya mkubwa. Dada hakungoja. "Shikamoo, mama!"

Nilitega sikio. Kisha ikatoka sauti kavu: "Marahaba, mwanangu. Nifungulie, nitoke."

"Mmesikia wote," dada akamwambia mtendaji. "Ni mtu mzima, ana akili zake, na ametamka anataka kutoka. Kumzuia sasa ni kosa, na mashahidi ndio hawa."

Mwenye nyumba akapapasa mifuko yote kabla ya kuukuta ufunguo.

Mama alitoka akikinga macho na jua, akanywa maji vikombe viwili bila kupumua. Dada alimwambia mwenye nyumba afike ofisini kesho yake, kisha akaita bajaji impeleke mama kituo cha afya, na baadaye kwa binti yake.

Nilimuuliza dada, na kama mama angenyamaza? "Ningerudi na polisi," akasema. "Ila usiku huu nisingelala."

Bajaji ilipowaka, mama alitoa kichwa nje, akamwambia mwanawe, "Kuku wangu wapewe maji!"

Nilicheka peke yangu hadi jioni, nikipura.