N Niliisoma Nyuma

Nasikia wanasema sisi mafundi wa magari wa zamani wa Nyasho tulikuwa tunabahatisha. Waache waseme. Mimi nilikosea, kosa langu nalijua mpaka herufi yake, na nitalieleza mwenyewe kabla hamjalisikia kwa mwingine.

Shule niliishia darasa la tatu. Sio ujinga, ng'ombe walikuwa wengi na wavulana tulikuwa wawili. Tuache hilo.

Gari ilikuwa ndogo ya kizamani, rangi ya maziwa, ya marehemu mume wa nesi mmoja mstaafu. Wote tulimwita Sista. Miaka ya shida, ambayo hata sabuni uliipata kwa kujuana, gari ile ilikaaga juu ya matofali kwa kukosa spea. Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa, mitumba ikamiminika, mpaka giaboksi. Lakini mguu wa kushoto wa Sista ulikuwa umeshapooza, klachi haiwezi. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, akatoka Butiama kuja kumwambia kwamba gari isiyoendeshwa na mwenyewe ni ya ukoo. Jumamosi kuna kikao, wataichukua.

"Fundi," Sista akaniambia, "nifungie giaboksi ya otomatiki. Kwenye hicho kikao naenda, na naendesha mwenyewe."

Giaboksi ikaingia. Ikabaki rodi, kile chuma kinachotoka kwenye mkono wa gia juu mpaka kwenye giaboksi chini. Ukiifunga vibaya, juu wanasema hili na chini wanafanya lile, kama serikali ya kijiji.

Kwenye kibati cha mkono paliandikwa P, R, N, D, mbili na moja. P ni paki, D ni dereva. Natafuta ya kurudi. Sasa mimi rivasi nilikuwaga naiita livasi, maana ulimi wetu wa nyumbani hauna ugomvi na r na l, na L pale haikuwepo. Nikaona N. Nyuma! Nani angebisha? Nikaweka mkono wa gia kwenye N, gari iko juu ya jeki inanguruma, nikaingia chini, nikasogeza kimkono cha giaboksi mpaka magurudumu yakazunguka kinyume, nikakaza nati.

Alhamisi shemeji akaja na baiskeli kuchungulia. Mkono ukakataa kuingia P. Gari ikakubali kuwaka kwenye D. Sista akakanyaga mafuta, inanguruma, haiendi.

"Shemeji," yule bwana akacheka, "hiyo ni gari au mashine ya kusaga?"

Sista kwa hasira akarudisha mkono kwenye N. Gari ikaruka kinyumenyume, ikapanda baiskeli.

"Jumamosi tunaichukua!"

"Utakuja kuichukua na nini?" Sista akamuuliza. "Kwa miguu?"

Wenzangu wa kijiweni wakasema ipelekwe Mwanza kwa waliosoma. Nikawajibu anayeogopa aende yeye Mwanza. Nikalala chini ya gari. Bushi za rodi, vile vipira vya kwenye viungo, zilikuwa zimelegea, nikachonga mpya kwa kandambili, tulivyofanyaga miaka ya shida. Kulegea kukaisha, ugonjwa uko palepale. Nikanyoosha rodi. Vilevile. Ijumaa mchana Sista akaniletea ugali na samaki, ningu wa kuchemsha, akakaa kwenye kiti cha dereva, anatazama kibati.

"Fundi, hii N ni nini?"

"Nyuma."

Alicheka mpaka akashika usukani. "N ni nyutro, baba! Ndiyo hiyo fri yenu, gari haiendi mbele wala nyuma. Rivasi ni R."

"Livasi na R wapi na wapi?"

"Hebu sema rivasi."

"Livasi."

"Basi ndipo gari ilipolala."

Sikuomba radhi. Fri sisi tunaiita fri, wangeandika F nani angekosea? Nikafungua nati. Nikasukuma kimkono cha giaboksi mpaka mwisho, kwenye paki, halafu nikakirudisha nikihesabu milio: tak, rivasi; tak, fri. Hapo nikakiacha. Juu Sista kashikilia mkono kwenye N. Rodi ikaingia bila kulazimishwa. Siku zote hizo ilikuwa imepishana hatua moja tu! Ikawaka kwenye P, ikaenda kwa D, ikarudi kwa R.

Jumamosi aliendesha mwenyewe mpaka Butiama, mimi pembeni nimeshika mlango. Wanaume wa ukoo wamekaa uani. Shemeji akanyoosha mkono.

"Lete funguo."

Sista akampa! Nusura nimnyang'anye. Shemeji akawasha, akatia D, gari ikaanza kutambaa. Mguu wake wa kushoto ukatafuta klachi kama ulivyozoea, ukakanyaga breki kwa nguvu zote, paji la uso likagonga usukani. Akajaribu tena, likagonga tena. Mara ya tatu akashuka mwenyewe, amejishika uso.

"Klachi mmeipeleka wapi?"

"Ilikuwa ya watu wenye miguu miwili," Sista akasema.

Wazee wakacheka vibaya. Mkubwa wao akasema gari akae nayo anayeiweza, wao wazungumze habari ya shamba. Sista hakungoja shamba. Akachukua funguo yake mkononi mwa shemeji, tukashika njia ya Bunda. Bunda hatukuwa na shughuli yoyote. Alitaka kuendesha tu, na mimi sikumuuliza atageuza saa ngapi.