Walikuja Kuchoma Maua ya Mudogo Wangu

Mpaka leo mutu akinitajia ule mama wa maombi, naweka chini kwanza kile niko nacho mukononi, juu nisikivunje.

Mudogo wangu anaishi na mimi hapa mutaa wa Lumumba, na saloni yetu, pale tunapokea wageni, imejaa maua yake. Hakuna hata moja iliyoota. Anaokota chupa za maji, anazikata, anapitisha kila kipande juu ya mushumaa mpaka kingo zijikunje, anapaka rangi ya kucha, kisha anafunga na waya. Mukebe ya maziwa, muchanga ndani, ua juu. Mikebe kumi na tisa. Nilihesabu mara mbili, juu mimi nauzisha maharagi ya Kpandroma kwa soko, na pale ukihesabu mara moja umeibiwa. Kila Siku ya Posho, mbele ya siku ya kanisa, anaiosha yote na sabuni, maana vumbi ya barabara yetu haibishi hodi.

Alianza hiyo kazi mwaka ule muchumba wake alienda Niania kutafuta pesa ya mahari, akaipata, akaolea huko huko. Mudogo wangu akalala mu chumba. Chakula nilikuwa natoa vile niliingiza. Asubuhi moja nikamukuta amekaa chini, kisu mukononi. Kumbe anakata chupa. Ua lile la kwanza lilikuwa baya, nisiseme uongo, lilifanana na sufuria iliyokanyagwa na gari. Nikaliweka pembeni ya mulango, na pale liko. Lakini siku ile alikula. Kwa hiyo mutu asinifundishe maua ile ni kitu gani.

Sasa miaka ikapita, bwana wa kumuoa hakuja, na kwa kanisa watu wakaona hiyo ni kazi yao. Wakatuma wamama wawili wa maombi, mukubwa mwenye kusema na mwenzake mwenye kubeba Biblia. Nikanunua sukre mbili, soda za baridi, na unajua baridi nayo wanaiuzisha. Ule mukubwa akakunywa nusu, akafunga macho, akafungua, akaangalia ukuta wangu wote kama mutu anayetafuta nyumba ya kupanga.

“Dada, nimeona kitu kinachofunga ndoa ya huyu binti. Ni haya maua.”

“Chupa za maji, mama?”

“Mungu aliumba ua likauke. Hii isiyokauka, mwenyewe ni nani?”

“Mwenyewe iko ku jikoni, anawakaangia karanga.”

“Usicheze na mambo ya roho, dada.”

“Sichezi. Na perruki yenu, hiyo nywele ya kununua, mama, nayo inakauka lini?”

Mwenzake akainamia Biblia, mabega yakamutikisika. Mukubwa hakucheka. Akasema yote itolewe inje, ichomwe leo leo, wao wakiomba.

Hapo ndipo damu ilinipanda. Mutu anakunywa sukre yangu, amekaa mu kiti yangu, anataka kuchoma nyumba yangu nusu! Ningalisimama nimuonyeshe mulango. Lakini mimi ni mutu wa soko. Mutu akinitajia bei, kinywa changu kinajibu mbele ya kichwa.

“Yote? Hapana mama. Hiyo ni bei ya kumukimbiza muteja.”

“Basi nyekundu. Nyekundu ni damu.”

“Nyekundu ni rangi ya kucha. Shukeni kidogo.”

“Ile kubwa ya meza, basi.”

“Hiyo ndiyo wageni wanaangalia. Shukeni tena.”

Akazungusha macho, akatafuta, akaona lile baya la pembeni ya mulango. “Lile, basi. Lenyewe hata sura yake haiko ya Mungu.”

“Lile moja tu?”

“Lile moja.”

Kutoka kumi na tisa mpaka moja! Nikanyoosha mukono tupatane, vile tunapatana juu ya gunia, na tumbo langu likafurahi kabisa.

Mudogo wangu alikuwa amesimama na sahani ya karanga. Sijui tangu saa gani.

“Yaya,” akaniita, vile mudogo anaita mukubwa wake, “unauzisha nini?”

Nikarudisha mukono wangu. Nikiisha kubishana bei ya pepo, nimekubali pepo iko. Na nimemukatia muteja lile ua lenyewe lililomuinua mudogo wangu chini, juu lilikuwa baya.

Akaweka karanga mbele ya wageni, vizuri, na adabu yote. Akachukua ule mukebe, akauleta katikati ya meza, akasogeza lile kubwa pembeni.

“Hii haichomwi,” akasema. “Na ingine haichomwi. Mama, kama kuna bwana anakuja na anaogopa chupa ya maji, apite tu, aende kwa wengine.”

“Binti, unakataa maombi?”

“Niombeeni. Maua ibakie.”

Ule mukubwa akasimama bila kumaliza sukre. Karanga hakugusa. Akasema hatarudi mu nyumba yenye kichwa ngumu namna hii, na katika yote aliyosema siku ile, hilo tu ndilo lilikuwa habari njema. Mudogo wangu akaingia jikoni bila kuniangalia. Alikuwa na haki.

Nikawasindikiza mpaka kwa barabara, juu adabu ni adabu hata ukiwa na hasira. Mukubwa akatangulia, anatembea mbio. Mwenzake akabaki nyuma, anajifanya anafunga kiatu, kiatu kisicho na kamba.

“Dada,” akaninong’oneza, “binti yangu anaolewa. Mudogo wako anaweza kututengenezea za meza? Nyeupe. Bei gani? Lakini mama mukubwa asijue.”

Bei ilikuwa tayari mu kinywa, tena ya mara mbili. Nikaimeza.

“Maua haiko yangu,” nikamwambia. “Ingia, umuulize mwenyewe.”

Akaangalia barabara, mama mukubwa alikuwa amesimama kwa kona, anamungojea.

“Nitarudi siku ingine. Nitapitia nyuma.”

“Rudi muchana,” nikasema, “na upite mulango wa mbele.”