Mashine ya Boti Iliyopashwa Moto Uani

Nilifunga safari kwenda Kifanya kwa sababu shemeji yangu Agrey, mume wa dada yangu, alikuwa ametangaza kanisani jambo lililomzidi kimo. Binti yake Tumaini alikuwa anaolewa na Bahati, kijana wa Lupingu kule Ziwa Nyasa, na shemeji akaapa kumvusha bibi harusi kwa boti ya mashine kwenye bwawa lake la samaki, mpaka kwenye turubai la wageni. Bwawa lenyewe ukitupa kiazi kwa hasira unampiga mtu wa ng'ambo. Lakini wakwe ni watu wa maji, naye hakutaka waseme wameoa kwa washamba. Sasa mashine ilikuwa inafuka moshi. Mimi ni fundi wa pikipiki Makambako, na katika ukoo wetu hiyo inatosha kutengeneza chochote kinachonguruma.

Asubuhi, Makambako, jirani yangu kwenye basi aliuliza mkoba wa spana unakwenda wapi. Nikamjibu, kutengeneza boti Kifanya. Alicheka mpaka tukaiona Njombe.

Njombe mjini niliingia duka la vipuri pale mtaa wa Ramadhani.

"Kaka, boti?" muuzaji alishangaa. "Hapa nina minyororo ya misumeno ya mashine na plagi. Labda ukaoshe macho Ziwa Nyasa."

Nikachukua plagi, maana mkono mtupu haulambwi.

Mchana, Kifanya, dada alinipokea kwa "Kamwene" na sahani ya viazi. Shemeji, ndani ya koti zito, alinipeleka moja kwa moja uani, mashine ilikofungwa kwenye gogo. Akachomeka kibanio chekundu cha usalama, ambacho kisipokuwepo mashine haiwaki hata uvute kamba mpaka Krismasi.

"Kila asubuhi naipasha moto," alisema kwa fahari. "Baridi ya huku unaijua, Shemeji."

"Unaipasha hapahapa? Bila maji?"

"Maji ya nini? Msumeno naupasha bila maji, pikipiki pia."

Nilikaa chini. Mashine ya boti hupozwa na maji yaleyale inamoelea. Gurudumu dogo la mpira huyavuta juu, yanazunguka, kisha yanatoka kwa tundu la ubavuni, na mafundi husema mashine inakojoa. Ikiwashwa pakavu, mpira unaungua. Shemeji alikuwa akiikaanga kila siku ili majirani wasikie.

Tulifungua mguu wa mashine, ule unaozama majini. Lile gurudumu lilikuwa limekatikakatika kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Nilichokonoa vipande kwenye njia za maji kwa waya, lakini jipya ningelitoa wapi?

"Tuwaulize wakwe," nikasema.

"Afadhali nimvushe mgongoni!"

Tumaini aliyasikia yote. Akaenda kando na simu yake.

Ijumaa wakwe waliwasili na mfuko wa dagaa. Tumaini aliupokea kwa heshima zote, akakimbilia jikoni, akarudi na gurudumu jipya lililonuka samaki. Bahati alikuwa amelificha kwenye dagaa, hata baba yake hakujua. Tukalifunga, tukatumbukiza mguu wa mashine kwenye pipa la maji na kuvuta kamba. Mara maji yakachuruzika ubavuni. Sijawahi kufurahia mkojo namna ile.

Jumamosi boti ilivuka. Watu wa ziwa walikodoa macho kwenye tundu, na tundu halikutuangusha.

"Mkwe, mashine imetunzwa hii," alisema baba yake Bahati. "Fundi nani?"

"Mwenyewe," alijibu Agrey bila hata kukohoa.

Jumapili, maharusi wakiwa wameshaondoka, nilikuwa namalizia chai nipande basi. Nikasikia kamba ikivutwa uani. Jamani! Nilikimbia. Mashine ilikuwa juu ya gogo, pakavu kabisa, na haikuwaka. Kibanio chekundu hakikuwepo. Simu yangu ikatoa mlio wa ujumbe: "Mjomba, ninacho mimi. Nitakirudisha siku nikikuta pipa."

Shemeji alikuwa bado ameshika kamba, macho mekundu, na moshi haukuwepo wa kusingizia.

"Shemeji," aliniuliza taratibu, "yaani hata mashine imejua kwamba ameondoka?"

Nilichojifunza safari ile ni kufunga mdomo.

"Imejua," nikamwambia.